Vinu vya Kale na Pampu Mpya: Wanafunzi wa Maji Nchini Uholanzi

Mji wa Delft, ulioko magharibi ya Uholanzi, unajulikana na wengi kwa vyombo vyake vyeupe vyenye michoro ya buluu, ambavyo mama wa nyumba wa nchi nyingi hupenda kuvipanga kabatini wala havitumii ila siku ya wageni. Lakini wako maelfu ya watu wa Afrika na Asia ambao, wakisikia jina la Delft, hawakumbuki sahani, hukumbuka maji. Hao ni wale waliosoma katika taasisi iitwayo IHE Delft, iliyo kando ya mfereji, karibu na kituo cha garimoshi. Taasisi hiyo ilianza kufundisha wageni mwaka 1957, na hadi leo imekwisha pitiwa na wanafunzi zaidi ya 20,000 kutoka karibu kila pembe ya dunia. Wamo Waganda, Warundi, Wanyarwanda, Wakongo, Wakenya na Watanzania.

Mwaka huo wa 1957 haukuwa mbali na msiba. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953, dhoruba ya Bahari ya Kaskazini ilivunja matuta ya kusini-magharibi ya Uholanzi, na watu 1,836 wakafa maji. Taifa zima lilijitia katika kazi ya kujikinga na bahari, na mataifa mengine yenye taabu ya maji yakataka kujua kazi hiyo inavyofanywa.

Mwanafunzi atokaye katika nchi ambako kilio cha kila siku ni uhaba wa maji huenda akajiuliza amefuata nini kwa watu ambao taabu yao ni wingi wa maji. Karibu robo ya ardhi ya Uholanzi iko chini ya usawa wa bahari. Mahali pa chini kabisa, karibu na mji wa Nieuwerkerk aan den IJssel, pako mita 6.76 chini ya usawa huo. Nyumba ya kawaida ya chini na juu ikijengwa pale, paa lake ndilo litakalokaribia kulingana na bahari. Ardhi ya namna hiyo huitwa polda, yaani eneo lililozungushiwa tuta, likatolewa maji, likageuzwa kuwa malisho, mashamba au mji. Mvua inyeshayo ndani ya polda haina njia ya kutoka yenyewe. Lazima iinuliwe na kutupwa nje, leo, kesho, na siku zote watu watakapoendelea kuishi humo.

Wengi huja wakitazamia kuonyeshwa mitambo mikubwa mipya, nao huonyeshwa. Yako malango mawili ya Maeslant karibu na Rotterdam, yaliyomalizika mwaka 1997, kila moja lenye urefu wa mita 210, ambayo hujifunga kwa amri ya kompyuta bahari inapopanda kupita kiasi. Tarehe 21 Desemba 2023 yalijifunga hivyo kwa mara ya kwanza kwa sababu ya maji ya juu yenyewe, wala si kwa majaribio. Ni kitu cha kustaajabisha. Hata hivyo, mwanafunzi anayerudi kwao na picha za malango hayo tu amerudi na kitu ambacho nchi yake pengine haitakijenga kamwe. Mali iliyo kubwa zaidi huko Uholanzi ni ile namna ya kukiweka kitu kipya juu ya cha zamani bila kukivunja kile cha zamani, na hiyo haionekani kwa urahisi katika picha.

Katika kijiji cha Kinderdijk, kisicho mbali na Rotterdam, vimesimama vinu 19 vya upepo. Vingi vyao vilijengwa mwaka 1738 na 1740. Jina la kinu lisimdanganye msomaji: vinu hivi havikujengwa kusaga nafaka wala kutwanga, bali kuinua maji. Upepo ulizungusha mabawa, mabawa yakazungusha gurudumu lenye makasia, na gurudumu likayasukuma maji kutoka mfereji wa chini hadi katika bwawa refu la juu. Humo maji yalingoja. Mto Lek ulipopungua, malango yalifunguliwa, na maji yakaenda zake. Hakuna gurudumu moja lililoweza kuyainua maji mpaka mtoni kwa mara moja, kwa hiyo wajenzi wa zamani waliyapandisha kwa hatua, kama mtu apandaye ngazi na kupumzika katikati.

Mabawa hayo yalikuwa pia na lugha yake. Mwangalizi wa kinu, ambaye aliishi humo humo na mkewe na watoto, aliweza kuyasimamisha kwa namna ya kuwapa majirani habari. Bawa likisimama kidogo kabla ya kufika kileleni, ndani kuna furaha, labda arusi au mtoto amezaliwa; likisimama baada ya kupita kilele, kuna msiba. Vinu vingine vya Kinderdijk vinakaliwa na familia hata leo.

Mashine za mvuke zilifika huko mwaka 1868, na baadaye zikaja za dizeli na za umeme. Vinu vingeweza kubomolewa. Lakini wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wajerumani walipoikalia Uholanzi na mafuta yakaadimika, vinu vya Kinderdijk vilirudishwa kazini, navyo vikainua maji kama zamani. Tangu hapo haikuwa rahisi kwa mtu kusema kwamba kitu kikongwe hakina faida. Na mwaka 1972 kilipojengwa kituo kipya cha pampu mahali pale pale, mitambo iliyochaguliwa ilikuwa parafujo kubwa za chuma zinazozunguka na kuyapandisha maji. Ubunifu wa parafujo ya kuinua maji unahusishwa na jina la Archimedes, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Kwa hiyo katika kituo hicho kipya umri wa mashine ni mdogo, bali umri wa maarifa ni mkubwa kuliko wa vinu vinavyotazamana nacho. Na mabwawa yanayopokea maji yake ni yale yale ya zamani.

Ukienda kaskazini, katika jimbo la Friesland, liko jambo la ajabu zaidi. Kando ya mji wa Lemmer kuna kituo cha pampu kiendeshwacho kwa mvuke, kiitwacho Woudagemaal, kilichofunguliwa na Malkia Wilhelmina mwaka 1920. Ndicho kituo kikubwa kabisa cha mvuke cha namna yake kilichobaki kikifanya kazi duniani, nacho kimo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1998. Kazi ya kila siku ya jimbo hilo hufanywa na pampu za umeme zilizojengwa baadaye kule Stavoren na kwingineko. Lakini mvua ikizidi na pampu hizo zikaelemewa, wazima-moto hawaitwi, huitwa wawasha-moto. Matanuri yanawashwa, watu wanangoja kwa saa kadhaa mpaka mvuke upate nguvu, kisha kituo kinaanza kutupa nje lita 4,000,000 za maji kwa dakika moja. Kwa ndoo ya nyumbani ya lita 20, hizo ni ndoo 200,000 katika muda ambao mama hajamaliza kupepeta ungo mmoja wa mchele.

Jambo la kuangaliwa hapo si chuma tu. Mashine ya mvuke haiwashwi na mtu asiyeijua, na waliozaliwa katika zama za mvuke wamekwisha kufa. Kwa hiyo ni lazima vijana wafundishwe kazi ya babu zao, washike mikono ya shaba, wasikilize mlio wa bastola zinazokwenda na kurudi ndani ya silinda, wajue lipi la kawaida na lipi la hatari. Nchi iliyohifadhi mashine bila kuhifadhi mwenye kuijua ingekuwa imehifadhi pambo.

Msomaji asije akadhani kwamba Waholanzi hawatupi kitu. Hutupa. Mashine ya Cruquius, yenye silinda ya mvuke pana kuliko chumba cha kulala, mita 3.66, ilikuwa mojawapo ya tatu zilizokausha ziwa la Haarlemmermeer kati ya 1849 na 1852. Nayo iliacha kazi mwaka 1933 ikawa kitu cha maonyesho. Juu ya sakafu ya ziwa hilo ndipo ulipo leo uwanja wa ndege wa Schiphol, na abiria wengi hukanyaga chini ya usawa wa bahari bila kujua. Cruquius haikuachwa kwa sababu ni nzee. Iliachwa kwa sababu kazi yake ilipata wa kuifanya kwa gharama ndogo, na hapakuwa na upungufu wowote ambao ingeuziba. Woudagemaal ilibaki kwa kuwa upungufu upo. Kipimo ni hicho, wala si mapenzi ya mambo ya kale.

Hata matuta yana daraja zake. Tuta linalopigwa na maji kila siku huitwa na Waholanzi aliye macho. Nyuma yake, mahali pengi, liko tuta la zamani zaidi, ambalo zamani ndilo lililokuwa mbele kabla nchi haijasogezwa baharini. Hilo huitwa aliyelala. Na nyuma ya hilo pengine lipo la tatu, aotaye ndoto. Majina hayo yanapendeza, lakini yana hesabu ndani yake. Tuta lililolala halionekani kuwa na kazi miaka mia, na kishawishi ni kikubwa cha kulikata ili kupitisha barabara, au kuchota udongo wake. Siku aliye macho anapoanguka, ndipo hujulikana kama aliyelala bado yu hai.

Usiku ule wa 1953 ulitoa mfano ambao kila Mholanzi hufundishwa. Karibu na Nieuwerkerk aan den IJssel, pale pale penye ardhi ya chini kuliko zote, tuta la zamani la mto lilianza kumomonyoka. Nyuma yake waliishi watu wengi sana wa Uholanzi ya kusini. Nahodha mmoja, Arie Evegroen, aliamriwa aiingize mashua yake katika pengo, naye akaiongoza kwa ustadi hata ikaziba kama mlango ufungwao. Tuta likaokoka. Serikali ilipoanza mpango wake mkubwa wa kujikinga na bahari, kazi ya kwanza ilikuwa lango la kuzuia dhoruba katika mto huo huo, lililoanza kutumika mwaka 1958. Tuta lile la udongo halikuondolewa. Lilipewa mlinzi mpya wa chuma mbele yake, nalo likabaki kazini.

Na kwa kuwa jambo hili lisielezwe kama kwamba Waholanzi hawakosei, inafaa kutaja mji mdogo wa Wilnis. Mwezi Agosti 2003, katika kiangazi kikavu sana, tuta moja la mfereji lilisogea na kupasuka, maji yakaingia majumbani, na watu kiasi cha 2,000 wakahamishwa. Haikuwa mvua wala dhoruba. Tuta hilo lilifanywa kwa udongo mweusi wa mimea iliyooza kwa karne nyingi, na udongo huo ukikauka huwa mwepesi kama sifongo. Maji yaliyozuiliwa yaliusukuma ukaondoka. Tangu wakati huo, wakaguzi hutembea juu ya matuta ya namna hiyo kwa miguu wakati wa ukame, wakitafuta nyufa. Nchi yenye kompyuta za kufunga malango bado inategemea mtu anayetembea akitazama chini.

Udongo huo mweusi ndio unaopaswa kumkosesha usingizi mwanafunzi atokaye Kigezi, au kandokando ya bonde la Akanyaru lililo kati ya Rwanda na Burundi. Mabonde hayo yenye mafunjo yana udongo wa aina iyo hiyo. Ukiutoa maji, hunywea. Hewa ikiuingia, huoza na kupotea, na ardhi hushuka. Waholanzi wa zamani walichimba mitaro kukausha malisho, ardhi ikashuka. Wakachimba zaidi, ikashuka zaidi. Ndipo wakahitaji vinu, kisha mvuke, kisha umeme. Mahali pengine ardhi yao bado hushuka karibu sentimita 1 kila mwaka. Vinu vile vinavyopigwa picha na watalii ni uzuri, lakini pia ni ushahidi wa deni lililoanza na jembe la mtaro na ambalo halijalipika. Sehemu za Kigezi zilikaushwa zamani kwa ajili ya mashamba na ng'ombe wa maziwa. Anayekuja na shauri la kukausha bonde jingine, baada ya kuona Uholanzi, hawezi tena kusema kwamba hakuambiwa.

Hapo Waholanzi wenyewe wamebadili mwendo. Mahali kadhaa wanajaribu kuyapandisha tena maji ya mitaro ili udongo usizidi kuoza, ijapokuwa wafugaji hawafurahi, kwani ng'ombe na matrekta huzama katika malisho yenye maji. Ubishi huo haujakwisha.

Nani huamua? Swali hili huwashangaza wageni kuliko mashine zote. Kazi ya kutunza usawa wa maji haifanywi na wizara peke yake. Iko mikononi mwa mabaraza ya maji, ambayo sasa ni 21 nchi nzima. Baraza la Delfland, ambalo makao yake yako Delft penyewe, lina asili ya mwaka 1289. Ni la zamani kuliko ufalme wa nchi hiyo kwa karne nyingi. Wajumbe wake wengi huchaguliwa kwa kura kila miaka minne. Baraza hutoza kodi yake lenyewe, na hati ya kodi hiyo hufika kila nyumba, iwe ya mwenye mali au ya mpangaji wa chumba kimoja. Mama wa nyumba wa Delft huilipa kodi ya matuta kama anavyolipa umeme, na hulalamika vile vile.

Zamani sheria ilikuwa kali zaidi. Kila mwenye shamba alipewa kipande chake cha tuta akitunze. Akishindwa, alichomeka sepetu yake ndani ya tuta na kuondoka. Aliyeing'oa sepetu hiyo alilipata shamba, na mzigo wa tuta ukawa wake. Hakuna aliyeruhusiwa kuwa na ardhi bila kuwa na kazi.

Mwanafunzi aliyekulia katika mteremko wa Kilimanjaro hatalisikia jambo hili kama ngano ya Ulaya. Mifereji ya Wachaga, iletayo maji kutoka makorongo ya juu hadi migombani, ilichimbwa vizazi vingi kabla ya ofisi yoyote ya maji, nayo ina viongozi wake, zamu zake, siku zake za kuzibua pamoja na faini kwa asiyefika. Huko Kenya, Wamarakwet wameteremsha maji kwenye genge la bonde la Kerio kwa mifereji ya mawe na miti, na koo zimegawiana saa za maji usiku na mchana. Katika milima ya Upare kuna mabwawa madogo yaitwayo ndiva, yanayojazwa usiku ili maji yafunguliwe asubuhi. Kazi ile ile ya bwawa la Kinderdijk lililongoja mto upungue.

Kazi hizi mara nyingi hazimo katika ramani. Mhandisi anapewa ramani yenye mto, mstari wa bomba jipya, na mahali pa tangi. Mfereji wa wazee haupo, mwenyekiti wake hayupo, na bomba likipita juu yake huukata. Kisha bomba likipasuka miaka mitano baadaye, hakuna mwenye zamu ya kulitengeneza, na mfereji umekwisha fukiwa. Wanaoumia kwanza ni kinamama na watoto, ambao hurudi mtoni na ndoo. Ndiyo maana kazi moja ambayo mwanafunzi aliyerudi anaweza kuifanya bila kungoja fedha za mtu ni kutembea na kuichora mifereji hiyo: inaanzia wapi, inavuja wapi, nani huifungua, na saa ngapi. Hata mivujo ichunguzwe kabla ya kuzibwa kwa saruji, maana migomba iliyo kando huenda inaishi kwa mvujo huo.

Kufukia ni rahisi, na kufukua ni ghali. Mji wa Utrecht unaweza kushuhudia. Katika miaka ya 1970, sehemu ya mfereji wake wa kale uliozunguka mji, Catharijnesingel, ilikaushwa ikafanywa barabara kuu ya magari, kwa kuwa magari ndiyo yaliyoonekana kuwa maendeleo. Mwaka 2002 wananchi wa mji walipiga kura kuhusu sura mpya ya mtaa ule, na wakataka maji yarudi. Lami iling'olewa, udongo ukachimbuliwa, kingo zikajengwa upya. Mwezi Septemba 2020 mfereji ulifunguliwa tena ukiwa mzunguko mzima, na siku hiyo mashua zilipita mahali ambapo zamani palipita magari.